Siku Niliyopewa Firigisi

Nakumbuka Jumapili moja nyumbani kwetu Lurambi, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi. Kila alfajiri nilifungua kompyuta nikasahihisha makosa ya tahajia katika maelekezo ya programu ya zahanati, mojawapo ya zile programu huria ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia bure na kuzirekebisha. Hakuna aliyenituma. Niliipenda tu kazi yenyewe.

Siku hiyo baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Matete kunichukua, nikauze misumari dukani kwake. Sikutaka kwenda, lakini neno la mwisho lilikuwa la baba. Tukiwa tunakula obusuma, yaani ugali wetu, na kuku, simu yangu ikalia. Nilisoma ujumbe kwa sauti, nikajikuta nimesimama, vidole vimejaa mchuzi. Wasimamizi wa programu walikuwa wameyakubali masahihisho yangu, ukurasa mzima! Tena waliniambia kuna muuguzi wa nchi ya mbali aliyekuwa amekwama kwenye ukurasa huo huo kwa neno moja lililokosewa herufi, na sasa anaendelea na kazi.

"Kwani wewe unafanyanga nini hapo asubuhi?" baba akauliza.

Nikaona haya mbele ya mgeni. "Ni herufi tu, baba. Narekebisha vitu vidogo vidogo."

"Hiyo 'tu' yako iache. Kama ni vidogo, mbona unaamkanga navyo kabla ya kuku? Na huyo muuguzi, alikwama kwa kitu kidogo?"

Sasa, unajua firigisi kwetu ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba, na baba mdogo alikuwa akiitolea macho tangu tulipoketi. Msichana hata hathubutu kuiomba. Baba akaitoa kwenye sahani yake, akaiweka juu ya ugali wangu. Kisha akamwambia ndugu yake atafute mtu mwingine wa kuuza misumari.

Niliitafuna polepole, machozi ya furaha yakinitoka, na mama akajifanya anaangalia jiko.

Basi mwanangu, ukisahihisha ukurasa wa watu usiowajua, sahihisha ukijua kuna mtu anausubiri, maana yupo. Na ukiulizwa unafanya kazi gani, itaje bila kuipunguza. Mungu akujalie mtu wa kukuwekea firigisi sahanini, na zamu yako ikifika, akupe mkono mwepesi wa kuitoa.