Kidole Kilichoharibu Picha

Kwa miaka kadhaa nimejipatia riziki kwa kuandika habari za wabunifu wa mavazi, katika kurasa za wikendi za gazeti ambalo sitalitaja kwa sababu bado linanilipa. Kazi hiyo imenifunza dharau. Wote wana nyanya aliyekuwa na cherehani. Wote walikaa chini ya meza ya huyo nyanya wakiokota vipande vya vitambaa, na wote leo wanasimulia hadithi ya Afrika kwa kitambaa kilichotoka Uchina. Lebo zao ni majina yao wenyewe yaliyonyofolewa irabu, utadhani irabu zinatozwa ushuru. Nimeyaandika hayo mara nyingi hivi kwamba ningeweza kumwandika mbunifu kabla hata sijamwamkua.

Yule mbunifu wa mtaa wa Kamakis nilitumwa kwake na mhariri. Studio yake ilikuwa ghorofani, juu ya mahali pa nyama choma, na kila vazi alilonitolea kwenye hanga lilinuka moshi wa mbuzi. Alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alasiri nzima alinihubiria kuhusu buti zake, ngozi yake ya Thika, mstari wake, roho yake. Nilizigeuza nikaona soli hazikushonwa, zimebandikwa tu kwa gundi. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kwa huruma, akasema uzi ukionekana kwenye soli kiatu kinakuwa cha kishamba. Mimi nimekulia mtaani Gitothua, nikivaa viatu vilivyoshonwa na fundi wa kando ya barabara. Havikuwahi kunifia miguuni. Nilikuwa naviacha kwa kuwa nimekua.

Katika mazungumzo nilipotoa simu, akaona picha ya dada yangu mdogo na mchumba wake. Aliposikia kuwa ngurario yao ilikuwa karibu, alivua miwani kwa mara ya kwanza. Akasema atatuvika wanawake wote bure, mradi mpiga picha wake awepo, na picha hizo zitoke kwenye makala yangu. Nilimwambia hapana. Kosa langu lilikuwa kumsimulia dada kama kichekesho, maana yeye alikuwa akiifuata lebo hiyo kwenye simu kama watu wanavyofuata injili. Alilia. Mama akaniambia niache roho mbaya, siku ni ya mwenzangu. Basi tukapimwa.

Ngurario ndiyo sherehe yetu ya kukamilisha ndoa ya kimila, na ndani yake kuna jambo ambalo wageni hulipenda sana. Bibi harusi na wenzake wa kimo kimoja hufunikwa leso kutoka kichwani hadi vifundo vya miguu, wakapangwa mstari, na mwanamume hutakiwa kumtambua wake. Akikosea, watu wake hutozwa faini, watu hucheka, anajaribu tena. Kwa kawaida ni mchezo. Lakini baba yetu alikwisha kufariki, na ndugu yake mdogo, aliyekuwa amekalia kiti chake, hakutaka mchezo. Mchumba alitoka Busia. Baba mdogo alikuwa amemwita mtu wa mbali tangu siku ya kwanza, na wiki ile alitangaza mbele ya wazee kwamba kijana akishika asiye wake, hiyo itakuwa dalili kuwa hamjui, na watarudi kwao wakajipange upya mwaka mwingine. Hakuna mila inayosema hivyo. Aliitunga pale pale, akiwa na kikombe cha chai mkononi, na wazee wakaitikia kwa kichwa kwa sababu chai ilikuwa nzuri.

Dada hakuogopa sana, kwa kuwa alikuwa na siri. Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kimempanda mwenzake mgongoni. Alizaliwa hivyo. Shuleni walimcheka mpaka akaacha kabisa kuvaa viatu vya wazi. Hata kanisani alikuwa akiketi nyuma, miguu chini ya benchi. Tangu hapo, mtu wa kwanza nje ya familia kukiona ni huyo mchumba, siku walipovua viatu kuvuka kijito huko Thika. Hakucheka. Aliuliza kama hicho cha juu hakisikii baridi. Dada aliponisimulia hayo nilijua tumepata shemeji. Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana: yeye atavaa sandali, na mwanamume atafute kidole.

Asubuhi ya siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha na nyasi za mama zilikuwa zimelowa. Mbunifu alifika na masanduku. Sandali tulizojaribishwa hazikuwemo. Alikuwa ametuletea buti, jozi moja kwa kila mwanamke, zote sawa, zimefungwa hadi juu ya kifundo, lebo ya shaba ikimeta pembeni. Alisema ameamua kuzindulia kolekshoni mpya hapo hapo. Dada alizivaa akifurahi, na ninamwelewa; hakuna aliyewahi kumpa kiatu kizuri kilichofunika aibu yake. Kisha akainua uso, akanitazama, na nikaona amekumbuka.

Nilimfuata mbunifu barazani nikamwambia arudishe sandali. Nikamweleza sababu, kwa sauti ya chini. Yeye hakushusha yake.

"Madam, hiyo kidole itaharibu picha zote," akasema.

Dada alikuwa mlangoni. Alirudi ndani akaketi kitandani akizitazama buti. Nilimchukia mtu yule kwa chuki safi, isiyochanganywa na chochote. Lakini nje langoni watu wa Busia walikuwa wameshaanza kuimba wafunguliwe, shangazi yetu alikuwa akigawa leso, na viatu tulivyokuja navyo vilikuwa vimefungiwa kwenye gari la mbunifu ili visichafue fremu. Hilo ndilo neno alilotumia, fremu. Tukafunikwa, tukatoka.

Ukiwa ndani ya leso huoni kitu ila miguu. Niliona buti zangu, na kushotoni kwangu buti za dada, na mbele yetu nyasi zilizolowa. Tulicheza taratibu kuzunguka uwanja mara moja, na kabla hatujasimama niliona soli ya buti yake ya kushoto imeachana na ngozi mbele na inapigapiga kila anapoinua mguu. Gundi ya Kamakis ilikuwa imekutana na maji. Nilitaka kucheka na kulia. Tuliposimama kwenye mstari nikaona viatu vyeusi vya shemeji vikija, vikitembea polepole, vikisimama, vikiendelea. Vilitupita. Buti, buti, buti, maskini angejua nini? Vilikwenda mpaka mwisho wa mstari, kwa shangazi, aliyekuwa amejipanga nasi, vikasimama hapo muda mrefu. Nikasikia baba mdogo akikohoa kile kikohozi cha mtu aliyeshinda.

Nilimnong'oneza dada aikanyage ile soli, watu wasije wakamcheka.

"Wacha waione," akasema.

Akainama ndani ya leso, akalegeza kamba, akarusha mguu. Buti ilimtoka, ikapaa, ikaangukia mbele ya viti vya wazee, soli imeachama. Mguu wake akauteremsha kwenye nyasi, mtupu, kidole juu ya mwenzake, mbele ya ukoo wote na mbele ya kamera.

Viatu vyeusi viligeuka vikarudi, safari hii kwa haraka, na nikaona goti la suruali ya suti likitua kwenye matope.

"Hicho nakijua," shemeji akasema. "Huyu ndiye wangu."

Vigelegele vilipopungua, baba mdogo alisimama na kusema bibi harusi amemsaidia mtu wake, haihesabiki. Shangazi alikuwa ameshaitupa leso yake begani. Alimtazama nduguye kama anavyomtazama mwenye kuuza maziwa yaliyotiwa maji.

"Desturi inasema tumfunike na leso," akasema. "Hiyo ya buti ilisemwa na nani?"

Baba mdogo aliketi. Wazee walikubali kwamba hakuna aliyewahi kusikia habari ya buti, na chai ikaletwa.

Mbunifu ndiye aliyeokota buti. Aliipangusa kwa leso ya mtu, akaitia mfukoni mwa koti haraka haraka, nusu ikibaki nje. Siku chache baadaye aliweka picha kwenye ukurasa wake: wanawake wote mstarini, lebo zinameta. Dada alikuwa pembeni, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa na ukingo wa picha. Chini yake aliandika kwamba mapenzi huanza na kiatu sahihi. Kisha akanipigia simu, bila haya hata kidogo, kuuliza makala yake inatoka lini.

Nikaiandika. Niliandika moshi wa mbuzi, gundi, soli na miwani, na sijawahi kufurahia kazi hivyo. Mhariri aliyafuta yote. Yale ya nyanya na cherehani, ambayo sikuwa nimeyaandika, aliyaongeza mwenyewe, kwa kuwa hata yeye anayajua kwa moyo. Kitu kimoja tu hakukigusa. Picha niliyompelekea haikuwa ya mbunifu, ilikuwa yetu, iliyopigwa na binamu kwa simu, na aliichapisha nzima, kidole na vyote.

Nilidhani dada angekasirika. Alilinunua gazeti, akalikunja, akampelekea mama. Jumapili iliyofuata nilichelewa kanisani, nikamtafuta kule nyuma anakoketi siku zote, nikamkosa. Alikuwa benchi la kwanza na mumewe, amevaa sandali, amekunja nne, mguu wa kushoto juu.