Ukurasa wa Nyundo

Watu wa mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna suruali ndefu iliyopita mbele ya chumba chake cha ushonaji bila yeye kuitupia jicho. "Baba, hiyo inafagia barabara. Ingia nikukunjie!" Alikuwa na mwili mkubwa, kicheko kikubwa zaidi, na vyerehani viwili: kimoja chake, kingine cha wifi yake, dada wa mumewe, waliyeshona pamoja mwaka wa kumi na moja sasa. Akisema, "Wifi anasumbua leo," wateja hawakujua kama analalamikia mtandao au ndugu.

Mtandao aliuhitaji kwa kazi yake ya pili, ile isiyo na mshahara. Kulikuwa na tovuti ya mafundi, kama kitabu kikubwa kinachoandikwa na watu wa kujitolea. Anayejua kuziba bomba anaandika, anayejua kuunga kiti anaandika, mwingine anasahihisha. Mama Pindo aliingia kama msomaji tu, akaanza kugusagusa kurasa za ushonaji, na kufumba na kufumbua wakamfanya msimamizi. Yaani alipewa uwezo wa kufuta kurasa na kuwafungia wakorofi.

Mkorofi mkubwa kuliko wote aliyemfungia alijiita Nyundo. Alikuwa fundi wa mashine, tena fundi kweli, lakini ulimi wake ulikata kuliko wembe. Siku moja mwalimu mstaafu, ambaye kazi yake humo ilikuwa kurekebisha tahajia za watu kwa upole, alimrekebishia neno moja. Nyundo akamjibu kwa matusi ya aya tatu. Akaonywa. Akaongeza aya ya nne. Akafungiwa.

Hakwenda mbali. Wiki iliyofuata alijitokeza fundi mgeni aitwaye Koleo. Baadaye akaja Msumari. Baadaye Tupa. Wote walijua mashine, na wote walimaliza kila aya kwa "Hapo umenielewa?" Mama Pindo alicheka mpaka akashika meza.

"Mtu kabadili shati, kasahau kubadili mwendo," alimwambia wifi yake.

Kanuni ilikuwa wazi: aliyefungiwa akirudi kwa jina la bandia, alichoandika kinafutwa, kiwe kizuri kiwe kibaya. La sivyo kufungiwa kungekuwa mchezo wa watoto. Kwa hiyo Jumanne moja asubuhi, fundi mpya aitwaye Bisibisi alipoleta ukurasa mrefu kuhusu cherehani kinachoruka mishono, Mama Pindo aliufuta kabla chai yake haijapoa. Kisha akarudi kwenye majoho ishirini ya kwaya ya shule, yaliyotakiwa Ijumaa.

Saa nane mchana cherehani chake kikaanza kuruka mishono.

Alibadili sindano. Kikaruka. Akabadili uzi, akapuliza vumbi, akakipiga kofi la mapenzi. Kikaruka. Fundi wake wa siku zote hakupatikana kwenye simu. Wifi yake, aliyekuwa akikaza vifungo, akamtazama kwa juu ya miwani.

"Wifi, si asubuhi ulikuwa unasoma habari za cherehani kinachoruka?"

"Nimezifuta."

"Umezifuta?"

"Ndiyo kanuni."

"Haya, iite kanuni ije ishone majoho."

Msimamizi aliweza kuona hata kilichofutwa. Mama Pindo akaufungua ukurasa kwa aibu, kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani waliyenuniana. Bisibisi alieleza kwamba ndoano inayozunguka chini na kudaka uzi huteleza mahali pake, ikawa inafika sindano ikiwa imeshapita. Legeza skrubu, sogeza ndoano, kaza. Akafungua bamba, akalegeza, akaingiza kidole. Hakuna mahali ukurasa uliposema uchomoe kwanza waya wa umeme. Mguu wake, kwa mazoea, ulikuwa juu ya kanyagio. Ukagusa kidogo tu, na sindano ikashuka kando ya ukucha, ikamkosa kwa upana wa uzi.

"Mama yangu wee!"

Akachomoa waya, akashusha pumzi, akaendelea. Dakika ishirini baadaye mshono ulikuwa umenyooka kama mstari wa daftari.

Hapo akakaa akawaza. Ukurasa ulikuwa mzuri, tena ulikuwa wa hatari, na aliyeuandika hatakiwi. Lakini ile kanuni ilikuwa na sentensi ya pili ambayo wengi hawakufika kuisoma: msimamizi yeyote anaruhusiwa kurudisha maandishi yaliyofutwa, mradi ameyahakiki mwenyewe na yuko tayari kubeba lawama zake. Akaurudisha. Juu kabisa akaandika, "Chomoa waya wa umeme kabla ya kugusa chochote." Akang'oa "Hapo umenielewa?" tisa. Mwisho akaacha maelezo: "Nimejaribu kwa mikono yangu. Kukiwa na kosa, niulizeni mimi. Aliyeandika kwanza yumo kwenye historia ya ukurasa."

Msimamizi mwenzake, muuguzi aliyependa mambo yaliyonyooka kama shuka la wodini, akapiga simu.

"Dada, unamfungulia mlango wa nyuma."

"Kazi imeingia, mtu bado yuko nje."

"Kesho atasema tumemkubali."

"Akisema nitamjibu. Wewe usome, unitafutie kosa."

Muuguzi akasoma, akakuta picha mbili zimepishana namba, akazirekebisha, akanyamaza. Kwake yeye kunyamaza ilikuwa ni kupiga makofi.

Kesho yake ukaja ujumbe wa Bisibisi: "Mimi mnanifukuza, kazi yangu mnaila! Wizi mtupu!"

Mama Pindo akajibu kwa vidole viwili, polepole. "Kaka, jina lako limo, hakuna aliyekuibia. Ila ukurasa wako nusura unitoboe kidole. Ungekuja kwa mlango wa mbele, tungekuuliza ukasahihisha. Acha hayo majina ya sanduku la vifaa. Rudi na lako la kwanza, andika rufaa, mwombe Mwalimu radhi. Nitaisoma mwenyewe."

Ijumaa majoho yakaenda shule. Jumamosi rufaa ikafika:

"Mwalimu, nilikutukana. Nilikuwa na hasira za mteja, nikazimalizia kwako. Lile neno nililiangalia kwenye kamusi, ulikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Nisamehe. Na yule mama nampa pole."

Mwalimu akajibu papo hapo: amesamehe kwa moyo mweupe, na rufaa ina makosa matatu ya tahajia, ambayo ameyaorodhesha hapa chini. Wasimamizi wote wakawa roho juu, wakingoja matusi.

"Ahsante," Nyundo akaandika. "La pili silikubali, lakini ahsante."

Wakamfungulia, kwa sharti kwamba miezi mitatu kazi zake zikaguliwe kabla hazijatoka. Mkaguzi akawa Mwalimu, kwa ombi lake mwenyewe. Kurasa za Koleo, Msumari na Tupa, Mama Pindo na muuguzi wakazipitia moja moja. Nyingi zikarudi. Ule wa pasi ya mvuke ukabaki umefutwa, maana ulikuwa na makosa tangu mwanzo hadi mwisho, na Nyundo mwenyewe akakiri.

Wiki hii Nyundo na Mwalimu wanabishana kuhusu kile kikofia cha chuma kinachovaliwa kidoleni wakati wa kushona kwa mkono. Nyundo anasema ni tondoo. Mwalimu anasema ni subana. Wameshaandikiana mara thelathini bila tusi hata moja. Mama Pindo, ambaye tangu utotoni anakiita kastabini, kila asubuhi anafungua, anasoma, anamwita wifi yake waje wacheke pamoja, na hagusi kitu.