Wilaya Aliyoipenda Dereva wa Boma

Habari ya kifo chake niliipata Maji ya Chai, siku ya soko, nikiwa nimeinama kuchagua mbegu za maharage. Mama mmoja muuza ndizi alinigusa bega akanieleza kwamba yule dereva wa Bwana Shauri, ambaye hakuwa amekaa sana tangu aache kazi Boma, ameaga dunia kwa homa ya mapafu. Nikavua kofia. Kabla sijapata neno la kumwombea marehemu, yule mama akasogea karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, “Na watamzika wapi, Mzee?” Kwa mtu mwingine yeyote wa mlima huu swali hilo lingekuwa la ajabu, maana sisi huzikwa katika vihamba vyetu, kati ya kahawa na migomba ya baba zetu. Kwa huyu halikunishangaza. Lilikuwa vinywani mwa watu miaka mingi kabla hajafa, nami ninaloandika leo ni habari ya swali hilo.

Alikuwa mtoto wa huku kwetu, mwana wa mjane, aliyezaliwa katika ukanda wa juu kabisa ambako vihamba vinapakana na msitu wa Serikali. Wakati wengi wetu tulijua njia ya kwenda kanisani na njia ya kwenda Arusha mjini tu, yeye alikuwa amemwendesha Bwana Shauri, ofisa wa Kizungu wa pale Boma, yaani ofisi ya wilaya, katika wilaya zote za Jimbo letu. Alifika Mbulu, alifika Umasaini, alilala Uchagani. Akirudi safari alisimamisha gari pale sokoni anunue ndizi za kumpelekea mama yake, na wanaume wakamzunguka wakitaka jambo moja: awaambie, katika wilaya zote alizoziona, angechagua ipi. Muuza nguo mmoja Mchaga, mkazi wa Sekei, ndiye aliyemchokoza zaidi. “Haya, dereva, leo umeoa wilaya gani?” Naye akajibu, “Leo nimeposa Mbulu. Ngano yao imesimama wima kama waumini wakati wa sala.” Mchaga akamkumbusha kwamba safari iliyopita alisema Umasaini. “Safari iliyopita nilikuwa na hamu ya nyama.” “Na kwetu Uchagani, hukupaona?” “Nilipaona, shemeji, lakini mmejaa wenyewe. Mimi ningelala wapi?” Watu wakacheka, naye akawasha gari akaenda zake bila kujibu.

Wazee hatukucheka sana. Tulijiuliza kwa nini mtu afiche anachokipenda. Mmoja alisema amepewa shamba Mbulu kwa kazi asizoweza kuzitaja. Mwingine alisema ana ng'ombe kwa Wamasai. Msomaji wa mbali atatuona watu wa ajabu, kwa hiyo nimweleze. Huku kwetu wako wazee wanaomkumbuka mgeni aliyeingia nyumbani akaomba maji, akapewa, akausifu udongo, na mvua zilizofuata zikakuta uzio na kahawa isiyo yetu. Tangu hapo mtu akitaja uzuri wa mahali, sisi hutazama kwanza amevaa nini na ametumwa na nani.

Sasa, ilitangazwa kwamba Bwana Shauri angekuja uwanja wa shule kuzungumza nasi juu ya nchi yetu. Siku hizo watu wa ukanda wa juu walikuwa wameona vijana wenye minyororo ya kupimia wakipita kando ya msitu, na hakuna aliyewaeleza kinachopimwa. Baada ya ibada ya Jumapili tukakutana nyuma ya kanisa. Washili, yaani wakuu wa koo, walishauri kwamba lolote litakaloulizwa, asiwepo atakayesifu mlima wetu. Tuseme ni mahali pabaya, Serikali ikatafute pazuri kwingine. Mimi nikiwa mzee wa kanisa nikasema kwamba uongo ni uongo, hata ukiambiwa Bwana Shauri. Mshili mkubwa akanigeukia kwa upole. “Baba, nani ametaja uongo? Baridi iko au haiko?” Nikasema iko. “Nyani wapo au hawapo?” Nikasema wapo. “Basi tutasema kweli tupu. Ila tutachagua zile mbaya.” Nikainua mkono pamoja na wengine. Dereva hakuitwa katika kikao hicho. Hakuna aliyefikiria kumwita, na kama angefikiria, angenyamazishwa.

Bwana Shauri alikuja, kijana mwenye shingo iliyoungua na jua, akizungumza Kiswahili kizuri kuliko baadhi yetu. Aliuliza akitabasamu, na tabasamu lile lilitutia mashaka kuliko kama angefoka. Alitaka kujua, katika wilaya zote za Jimbo hili, kama kila mmoja angepewa nafasi ya kuchagua, angependa kukaa wapi. Tukatazamana. Kisha wazee wakasimama mmoja mmoja. Wa kwanza alilalamikia baridi inayoua ndama, wa pili nyani wanaomaliza mahindi, wa tatu matope yanayomeza gari la ng'ombe. Mmoja ambaye maisha yake hajavuka Tengeru alieleza kwa kirefu raha ya kukaa Mbulu. Bwana Shauri aliitikia kila neno kwa kichwa. Mwisho, kama mtu anayetaka kufanya mzaha, alimgeukia dereva wake aliyekuwa akifuta kioo cha gari. “Na wewe umeziona zote. Ungechagua ipi?”

Dereva alikikunja kitambaa chake taratibu. “Hapa, Bwana.”

“Hapa Arusha mjini?”

“Hapa juu, mgomba wa mwisho unapogusana na msitu. Baridi iko, nyani wapo, na bado ni hapa. Kwingine nilikuwa napita tu.”

Bwana Shauri alicheka akasema dereva wake amechoka na barabara. Sisi tulitazama chini. Kwa siku moja tulikuwa tumejenga ukuta wa maneno, na mtu mmoja wa kwetu alikuwa ameubomoa mbele ya Serikali, tena kwa kutaja mahali penyewe ambako minyororo ilipita. Kwa nini pale hasa? Wengine walisema alipangiwa jibu. Wengine walisema anaomba ukanda wote apewe yeye. Tangu siku hiyo sokoni hakuna aliyemuuliza habari za wilaya, na hata Mchaga wa Sekei alijishughulisha na vitambaa vyake kila gari liliposimama. Mama yake alipougua, majirani waliokuwa wakimpelekea loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, kila asubuhi walikuwa na kazi nyingine. Mimi alinisalimu kama zamani, “Shikamoo, Mzee,” nami nikamwitikia marahaba huku nikimchunguza macho. Hakujieleza. Ukimya wake nao tukautafsiri tulivyopenda.

Mvua zilipokwisha, mawe ya mpaka mpya wa msitu yalichimbiwa katikati ya vihamba vile vya juu, na watu wake wakaambiwa watahamishiwa tambarare, ambako kuna nafasi ya kutosha na hakuna nyani. Bwana Mkubwa wa Jimbo alikuja mwenyewe uwanja uleule wa shule kusikiliza kama kuna neno. Tulikwenda wote. Kabla hatujafungua vinywa, Bwana Shauri alimweleza mkubwa wake, kwa nia njema kabisa nadhani, kwamba wazee hawa wenyewe hawapapendi mahali hapa. Akarudia baridi, ndama, mahindi na matope, hata Mbulu hakuisahau. Maneno yetu yote yalirudi kwetu bila kupunguzwa. Mshili mkubwa alisimama akasema, “Tulisema hivyo, Bwana, lakini,” akaishia hapo. Akisema tulidanganya, ni nani atakayetuamini leo? Akisema tulisema kweli, basi jirani zake wafunge mizigo.

Ndipo yule mjane, mama wa dereva, akaja mbele. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusema barazani, lakini hakuna aliyemzuia, labda kwa sababu hatukuwa na kitu cha kusema mahali pake. “Si wote waliosema hivyo,” alisema. “Mwanangu aliulizwa mahali hapahapa akasema anapapenda. Mwulize huyo Bwana kama nimeongeza neno.” Bwana Shauri alikuwa na nafasi ya kukana, na ninamshukuru Mungu kwamba hakukana. Alikiri kwamba dereva alisema hivyo, na kwamba yeye alilichukua kama utani. Mkubwa akamwita dereva. Dereva akarudia yaleyale, hata kuhusu nyani, wala hakupandisha sauti. Baada yake sauti za wengine zikapatikana, mmoja akitaja kaburi la baba yake, mwingine mfereji aliouchimba babu yake. Bwana Mkubwa akasema jambo hili litatazamwa upya.

Linatazamwa hata leo. Mawe yapo, na watu wapo. Wasomaji wanaonijua wataniuliza kama bado ninamshuku marehemu, nami sitawaficha. Yeye ndiye aliyewaendesha wale vijana wa minyororo. Alijua kwa nini Bwana Shauri anauliza wilaya tunayoipenda? Kama alijua, mbona hakutuonya? Nimelizungusha swali hilo muda mrefu, na kila mara linanirudisha kwa lingine: angemwonya nani? Mlango upi kati ya milango yetu ungefunguliwa, na ni mzee yupi ambaye asingesema kwamba onyo lenyewe ni mtego? Ninawashuku pia wanaotabasamu wanapouliza, na jambo linalotazamwa upya bila mwisho linaninyima usingizi kuliko lililokataliwa waziwazi. Shaka imetulinda katika mengi, siwezi kuitupa. Lakini siku ile tuliituma ikasimame barazani badala yetu, nayo haikuwa na la kusema ila kasoro. Ninaliona hilo hata kwa vijana wa siku hizi wanaokusanyika mjini kuzungumza juu ya kesho ya nchi. Waulize wasichokitaka, watakesha wakikueleza. Waulize wanachokipenda, wanatazamana kama sisi uwanjani.

Alizikwa katika kihamba cha mama yake, juu kabisa, hatua chache upande wa chini wa jiwe la mpaka. Wakati mchungaji akisoma, nilisikia minong'ono nyuma yangu. “Mbona karibu hivyo na jiwe?” “Nani alichagua hapo?” Mshili mkubwa, ambaye sasa hutembea kwa fimbo, aligeuka akawauliza amelala upande wetu au upande wa msitu. Wakasema upande wetu. “Basi nyamazeni tuzike.” Udongo ulipokwisha kurudishwa, mzee yule alitoa chini ya koti lake mche wa masale, ule tunaoupanda mipakani na kuubeba mkononi tunapokwenda kuomba radhi, akaupanda mwenyewe kichwani pa kaburi. Alipiga magoti kwa shida na akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kushindilia mche mmoja. Mchungaji alinitazama. Nikatazama migomba.

Soko lililofuata mama muuza ndizi alinisubiri na swali lake. Nikamjibu kwamba amezikwa palepale alipopataja mbele ya Bwana Shauri. Alifikiri kidogo, akapanga ndizi zake upya. “Na una hakika hakupewa kitu, Mzee?” Nikasema hakika hiyo sina, anayo Mungu, ila nimeona kwa macho yangu alipolala. Nami ninawaachia wasomaji haya niliyofundishwa na mtu niliyemwitikia marahaba kwa jicho la pembeni. Tutaulizwa tena, siku yoyote, na mtu yeyote mwenye ramani mkononi. Tumshuku, ndiyo, na tumchunguze viatu. Lakini tukifungua kinywa, tuanze na mahali tunapopapenda. Habari za nyani zinaweza kusubiri.