Wiki Tatu Nilizompunguzia Mariamu

Nakumbuka mchana mmoja, mafuriko yameshuka kijijini kwetu Idsowe na mashamba yetu yamebaki tope. Mwanangu, wakati huo nilikuwa nauza ndizi sokoni Garsen, na hakuna bei niliyowahi kuipokea kama ilivyotajwa. Hata salamu nilizipunguza.

Dada yako Mariamu, wa miaka saba, alishikwa na homa, mguu ukavimba chini ya goti. Hospitali wakasema usaha umeingia mfupani. Nilijiandaa kuona mguu ukipasuliwa kama samaki. Daktari alitoboa kijitundu tu, kama punje ya hindi, usaha ukatoka, akafunga bendeji. Kisha akanipa dawa za wiki sita.

"Kwa kijitundu hiki?" nikamwambia. "Fanya tatu, daktari."

"Mama, hapa si sokoni."

Nikazipokea zote, lakini bei yangu nilikuwa nimeshaipanga. Wiki ya tatu kidonda kilifunga, Mariamu akaanza kuruka kamba. Nikavihesabu vidonge vilivyobaki, nikavihesabu tena, nikavifunga kwenye leso viwe akiba ya homa nyingine. Nikajiona mjanja.

Siku kumi hazikuisha. Mariamu akashindwa kukanyaga chini.

Nilimrudisha hospitali mgongoni. Aliyetupokea ni nesi mzee, Mworma, aliyekulia kwenye ng'ombe, Kiswahili chake cha kuungaunga. Nikamfungulia ile leso. Akavitazama vidonge, hakunigombeza.

"Mama Mariamu, ngozi nafunga upesi. Mfupa iko polepole. Wewe naona mlango nafungwa, nasema mwizi nakwisha. Mwizi iko ndani."

"Mguu utakatwa?"

"Hapana fika huko bado. Lakini sasa hapana punguza."

Kijitundu kikatobolewa tena, na wiki zikaanza upya kutoka moja. Nilizimaliza zote sita, Mariamu akihesabu pamoja nami na kunicheka nikiruka namba. Leo anatembea, mguu mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Nikisikia hatua ile uani, nasikia bei yangu.

Sasa mwanao, mjukuu wangu, naye ametobolewa mguu, nawe unanipigia simu kwamba anacheza mpira na dawa zinamchosha. Mwanangu, kidonda kidogo ni huruma ya daktari kwa mtoto, si kipimo cha ugonjwa. Bishana na wenye maduka, hata na mimi ukitaka. Dawa azimalize zote, na siku ya kurudi kuangaliwa, rudi.

Mungu aukaze mfupa wa mjukuu wangu, akimbie mpaka achoke yeye, si mguu.