Sauti Tano za Baba

Shuleni nilichapwa kwa sababu ya fa. Mwalimu wetu wa misheni alichora ubaoni ngazi ya sauti saba, akawa anaigonga kwa fimbo kutoka chini kwenda juu, na sisi watoto wa Nyakasimbi tukapanda vizuri: do, re, mi, kisha tukairuka fa na kutua kwenye so. Huko juu tuliiruka na ti. Hatukuwa wakaidi. Baba alikuwa mpiga enanga, lile gogo lililochongwa kama karai refu na kufungwa nyuzi, na enanga yake ilikuwa na sauti tano tu. Watu walitoka kijiji cha Ndama kwa miguu kuja kuisikiliza, naye akiimba ng'ombe, na hakuna aliyewahi kuuliza zile mbili ziko wapi. Mwalimu aliamua kwamba sina sikio.

Vita vilipokuja vilinichukua mimi na sikio langu hadi Kalkuta, India. Kambi ya jirani ilikuwa ya Wamarekani weusi, wapakia mizigo kama sisi askari kutoka Afrika, na mmoja wao, fundi wa malori, alinipa kinanda cha mdomo kwa kuwa alichoka kuniona nikikikodolea macho chake. Akanifundisha kwa ishara zaidi kuliko kwa maneno. Vuta pumzi zaidi kuliko unavyopuliza. Ipinde sauti kwa ulimi mpaka ilie. Usipige wimbo uliokwisha kutungwa na mtu. Sema jambo lako, lirudie, halafu ujijibu mwenyewe. Mwishowe akanionyesha sauti mbili za kuepuka. Nilikuwa nimeziepuka kabla hajamaliza kunionyesha, akaruka, akaita wenzake waje kuona. Nilichochapiwa Nyakasimbi ndicho nilichopigiwa makofi Kalkuta. Muziki huo waliuita bluzi, wakasema ni wa huzuni za kwao. Mimi niliona ni wa kwetu kabisa, ila umekosa ng'ombe.

Nilirudi nyumbani na hamu moja: kupiga pamoja na baba. Njia nzima nilikuwa nikiiwaza sura yake.

Enanga haikuwapo. Nilipokuwa ninapakia mizigo ya vita vya watu nisiowajua, uamsho wa kanisa ulikuwa umefika kibanjani kwetu, hadi kwenye migomba, na baba alikuwa ameokoka. Siku waliookoka walipochoma hirizi na mitungi ya pombe, yeye alipeleka enanga, kwa kuwa ilizoea kupigwa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kuwasifu watemi. Mama aliniambia iliwaka vizuri sana, mti ule ulikuwa umekauka. Baba mwenyewe alinipokea kwa furaha ya kweli, akaniombea, na hakuimba hata kile kijisauti cha kuita ndama.

Kinanda changu nacho kilipelekwa kwa mwinjilisti kichunguzwe. Alikigeuzageuza, akaona bati linalong'aa na maandishi ya Wajerumani, akatamka kwamba kwa vyovyote ni ndugu mdogo wa kinanda cha kanisani. Wajerumani ndio waliotuletea Injili. Kwamba vita vyote vile vilianzishwa na Wajerumani haohao halikuwa jambo la kumsumbua. Nikaruhusiwa.

Basi alasiri moja mvua ikatufungia ndani, mimi, baba na mama, pamoja na kahawa tuliyoiokoa uani. Nilianza kupiga taratibu. Nilisema jambo, nikalirudia, nikajijibu. Baba alikuwa anachambua kahawa, na mkono wake ukasimama.

"Nani kakufundisha muziki huo?"

"Mmarekani, Tata."

"Mwongo wewe. Huo ni wa babu yako."

Kisha akaimba. Sauti ilianza kama bawaba ya mlango wa zamani, halafu ikafunguka. Aliimba ng'ombe wenye pembe ndefu, na nilipoipinda sauti yeye aliipinda nami. Zile habari za ng'ombe zilipomwishia alitunga hapohapo, kama zamani: akaimba kijana aliyevuka bahari kwenda kwenye vita visivyo vyake, akarudi anaguguna chuma kama gunzi la muhindi. Nilicheka mpaka pumzi ikanipotea. Yeye akaningoja, akarudia mstari, nikamjibu. Mama alinisogelea na kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

"Usimtazame," akaninong'oneza. "Atanyamaza."

Nilitazama kahawa. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimeoa, nimepata watoto, na bado sijapata saa nzuri kuliko ile.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, baba alisimama na kuitubu. Hakuacha kitu. Alitubu ng'ombe, alitubu pembe zao, alitubu gunzi, na alitubu kwamba alifurahi. Shetani, alisema, alimjia na mvua. Hakunitaja, lakini kanisa zima liligeuka kunitazama. Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba ile haikuwa dhambi, ile ilikuwa siku yangu, airudishe. Mwinjilisti aliona nilivyokunja uso akanituliza kwa upole: kinanda hakina kosa, ni chombo cha Kikristo, kosa lilikuwa kooni mwa baba. Hata akaniomba nikisindikize kwacho kiitikio cha kumshangilia mwenye dhambi aliyetubu.

Nikapiga. Ningefanya nini? Kanisa likaimba kwa nguvu, wazee kwa vijana, na fa wakairuka wote, na ti wakairuka wote, pamoja na mwinjilisti. Baba peke yake hakuimba. Alikuwa ameketi benchi la mbele, macho amefumba, uso umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa gotini, na vidole vilikuwa vinatembea, vinapiga nyuzi ambazo hazikuwapo, pamoja nami, bila kukosea hata mara moja.

Nilipunguza sauti ili asishtuke. Na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nilisali kwa moyo wote: asifumbue macho akauona mkono wake, maana angeutubu na huo.