Namba za Baba Nangila

Mume wangu, Phineas Wamalwa, alikuwa fundi wa redio hapa Eldoret. Nasema wazi: kwa kazi alikuwa moto, kwa kuogopa alikuwa sifuri. Woga wote wa nyumba yetu ya Kapsoya nilibeba mimi.

Mwaka wa themanini na sita, chama cha wakulima kilimpa kazi ya kulinda mahindi. Mahindi yakiwekwa na unyevu hupata joto ndani, polepole, hadi yanaoza bila mtu kujua. Basi Phineas akatengeneza visanduku saba, kila kimoja na kipimajoto na redio ndogo, akaviweka kwa maghala ya Ainabkoi na Kaptagat. Kila saa vilituma kipimo cha joto hadi kwa redio ya mezani kwetu, kimoja kimoja kwa zamu, maana vikituma pamoja unasikia kelele tu. Zamu hiyo aliipanga kwa namba. Aliziandika kwanza kwa daftari, zimechanganywa na herufi, 3E, 0A, D3, kurasa na kurasa, ndipo akazibonyeza moja moja ndani ya kila kisanduku.

"Baba Nangila, mtu akiona hii atasema nini?" nilimuuliza.

"Atasema ni namba, mama. Kwani si namba?"

Ai, huyu mtu! Siku hizo watu walichukuliwa na askari wa siri kwa sababu ya kikaratasi kimoja cha siasa. Yeye alikuwa na daftari zima, na waya wa redio juu ya paa.

Alhamisi moja Githinji mwenye duka alinivuta kando. "Mama Nangila, kuna wanaume wawili wa suti wameuliza hiyo waya ni ya nani. Mimi sijasema kitu."

Sukari niliiacha kwa kaunta. Phineas alikuwa Ainabkoi akibadilisha betri. Nilifika nyumbani, nikatia daftari kwa jiko, lote, na kava lake gumu. Nililia nikichochea. Ilikuwa kazi yake ya mwaka mzima, lakini kazi hufanywa tena.

Wale wawili walikuja saa kumi jioni, Phineas ameingia tu, bado na vumbi. Hawakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi.

"Fundi," mkubwa wao akasema kwa upole, "kibali cha kurusha mawimbi uko nacho?"

"Niko nacho, mzee." Phineas karibu acheke. "Nilikibandika ndani ya kava ya daftari, kisipotee."

Akatafuta mezani. Akatafuta chini ya kitanda. Kisha akaona jiko, na kipande cha kava kilichobaki, akaniangalia.

"Daftari iko wapi?"

Haki ya Mungu nilitaka kusema. Badala yake nikamtazama mtoto wetu. Nangila alikuwa na miaka mitatu, amelala pale.

"Nimeichoma," Phineas akasema. "Mimi mwenyewe."

"Na kwa nini mtu achome kibali chake?"

Wakampeleka kwa gari, nami nimesimama kando ya jiko.

Alirudi baada ya miezi kumi na mmoja, meno mawili hayapo. Hajawahi kuniuliza. Afadhali angeniuliza.