Gazeti Nililofungia Mandazi Lilikuwa Linauza Nyumba ya Binti Yangu

Admin, jina langu ulifiche. Mi ni bibi wa miaka sitini na kitu, nilizaliwa milima ya Fizi, Congo, sasa niko hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nauza mandazi. Shule sikukanyaga hata siku moja. Anayeandika haya ni binti yangu, tena kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia uko ndani ya plasta. Mutajua kwa nini. Nimemwambia aandike vile ninasema, asinipambe.

Binti yangu aliolewa na Mmalawi, fundi wa kujenga, mwanaume wa heshima. Alijenga nyumba huko mjini, mtaa wa Kauma, kwa mikono yake, bakazaa wasichana wawili. Mwaka jana ugonjwa ukamchukua. Matanga hayajaisha, kaka yake mkubwa akaanza: nyumba ni ya ukoo, mjane arudi kambini kwa mama yake. Huyo kaka mi namuita Fisi. Alitaka karatasi ya kiwanja. Binti akakataa, akapigwa ngumi mbele ya batoto mpaka sikio likatoa damu. Na karatasi haikuwa kwake. Ilikuwa kwangu, ndani ya gunia la unga.

Kisha Fisi akanyamaza. Wiki moja, ya pili. Tukasema amechoka. Mimi hata nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe!

Mandazi nafungia magazeti ya zamani, nanunua furushi sokoni Lumbadzi. Siku moja fundi cherehani wa kanisa letu alinunua mandazi manne, akakaa kula huku anasoma ile karatasi yenye mafuta. Akaacha kutafuna.

"Mama, mkwe wako marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Na kiwanja chake kiko Kauma?"

"Wee, kula mandazi. Unauliza kama polisi."

"Mama, hapa banasema karatasi ya hicho kiwanja imepotea, na kaka ya marehemu anataka kukiuza. Mwenye neno alipeleke kwa biro, ofisi ya ardhi, kabla siku ishirini na moja hazijapita. Asiposema, amekubali."

Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Tukahesabu tangu tarehe ya gazeti: zilibaki siku saba. Kumbe nyumba ya wajukuu wangu nilikuwa naigawia bantu, kipande kwa kipande, na mafuta juu.

Kesho yake nikaitoa karatasi ya kiwanja kwenye gunia, nikaifunga tumboni na kitenge, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka Lumbadzi, kisha minibasi. Ruhusa ya kutoka kambini sikuomba, ingekula siku zote zilizobaki. Nilipita Kauma kumchukua binti, maana mi mlango wa biro siwezi kuusoma.

Nikakuta vijana watatu juu ya nyumba banang'oa mabati. Mnunuzi anapima ukuta kwa hatua zake. Wajukuu banalia chini ya meza. Binti yangu ameshika ngazi kwa mikono miwili, na Fisi anamfokea:

"Achia! Tangazo limetoka, nchi nzima imesoma. Nani amepinga?"

"Mi napinga," nikasema.

Akacheka, akaniita agogo, yaani bibi kwa lugha yao. "Agogo, we hata jina lako kuandika hujui. Utapinga gazeti? Rudini kwenu Congo."

Binti hakuachia. Fisi akachukua chuma cha kung'olea misumari, akampiga mkono. Vita vya kwetu vimenisikilizisha mifupa mingi ikivunjika, lakini wa mtoto wako mwenyewe unausikia kwenye tumbo. Akainua tena, sasa analenga kichwa. Mchi wa kutwangia ulikuwa umeegemea ukuta. Nikamtwanga nao mdomoni. Meno yakatoka na damu, akaanguka, chuma kikaruka huko.

Sasa njo naungama. Pigo hilo lilikuwa la kuokoa mtoto wangu. Yale mengine yalikuwa yangu. Alikuwa chini, amefunika uso, anasema "Pepani, agogo," yaani nisamehe bibi, na mi nikampiga na mchi gotini, nikampiga usoni, nikapiga tena. Mnunuzi alikimbia akaacha kiatu. Majirani wanne njo balinikamata. Jicho lake la kushoto halioni tena. Na sitawadanganya: sikulia.

Siku ile biro hatukufika: binti nilimkimbiza hospitali, kisha nikamleta hapa kambini na batoto, na karatasi bado iko kwangu. Juzi dada yake Fisi alikuja hapa Dzaleka, amevaa vizuri, nikampa kiti na chai.

"Agogo, tusisumbuane. Mkinyamaza mpaka siku za gazeti ziishe, tutasema alianguka kutoka kwenye paa. Karatasi ikifika biro, tunaenda polisi. Jicho tunalo, mashahidi tunao."

"Na mkono wa mtoto wangu?"

"Nani aliona? Majirani wote ni watu wetu."

"Mama, maliza chai yako kabla sijakumwagia."

Akamaliza. Akaaga vizuri, akaenda.

Binti yangu anasema: "Mama, acha nyumba. Nyumba nitapanga. Wewe nitakupanga wapi?" Saa hii anaandika huku anafuta macho kwa plasta. Hata akipeleka karatasi yeye, anayekamatwa ni mimi. Mchungaji anasema nimuombe Fisi msamaha. Kwa jicho nitaomba, hilo ni deni langu kwa Mungu. Lakini kwa nyumba? Baba yao alikufa akijua batoto bako chini ya bati lao.

Nikifungwa, nani atakaanga mandazi ya kulisha wasichana wawili na mama mwenye mkono mmoja? Nikinyamaza, mi mwenyewe njo nimeuza, kwa mdomo uliofungwa.

Ninyi munaojua kusoma, munisaidie kuamua. Kesho ni siku ya mwisho. Niende biro, ao nikae? Munitukane mukitaka, lakini jibu likuwemo ndani ya matusi, na lifike leo.